Kabla Hujachimba Msingi: Namna ya Kuwauliza Wananchi Wanataka Chuo Gani

Ukipewa kazi ya kuzunguka vijijini kuuliza watu wanataka nini kwenye tawi jipya la Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, jiandae kwa jibu moja utakalolikuta kila nyumba: "Ndiyo, tunahitaji." Mwulize mama wa Newala kama kijiji chao kinahitaji kozi ya ushonaji, atakuambia ndiyo. Kompyuta? Ndiyo. Umeme wa majumbani? Ndiyo. Ufugaji wa nyuki? Ndiyo, mwanangu, Mungu awabariki. Hakudanganyi. Umefika mlangoni kwake ukiwa mgeni, umeshika karatasi, umetumwa na wakubwa, na mgeni hakatishwi tamaa. Kazi yako yote katika wiki hizo ni kumtengenezea mama huyo njia ya kukuambia "hapana" bila kuvunja heshima yake wala yako. Mengine yaliyobaki, sampuli, vibali na majedwali, yote yanaitumikia njia hiyo.

Inafaa ukumbuke vyuo hivi vimetoka wapi. Vilianza Tanzania mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na Sweden nayo ilikuwa imelichukua wazo hilo Denmark, ambako chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa katika mji wa Rødding mwaka 1844. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza: mtu mzima aingie chuoni bila kuulizwa cheti cha sekondari, ajifunze kazi ya mikono pamoja na mambo ya nchi yake, kisha arudi kwao akiwa na cha kufanya. Leo serikali inavyo vyuo 54 vya namna hiyo, kuanzia Gera kule Kagera hadi Masasi kule Mtwara, na tangu mwaka 2016 viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia; kabla ya hapo vilikuwa chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Kuhamia elimu kumevisogeza karibu na mitaala ya ufundi stadi na vyeti vyake, na hilo ni jema kwa mhitimu anayetafuta ajira. Lakini limeleta pia kishawishi cha kunakili orodha ya kozi za chuo cha jirani, kuipeleka kwa wananchi ikiwa tayari imechapwa, na kuomba waipigie makofi. Ukijiona unafanya hivyo, simama. Neno "wananchi" limo kwenye jina la chuo.

Siku mbili au tatu za mwanzo usimuulize mtu yeyote swali la dodoso. Tembea tu. Nenda kwa mtendaji wa kata uangalie daftari la wakazi. Tafuta takwimu za Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 za eneo lako. Sensa ile ilihesabu watu 61,741,120, na uzuri wake kwako ni kwamba inashuka hadi ngazi ya kata na kuonyesha umri na jinsia, hivyo utajua una vijana wangapi wa miaka 15 hadi 24 kabla hujabisha hodi popote. Pita shule za sekondari uwaulize wakuu wa shule ni wangapi walimaliza kidato cha nne mwaka jana na wangapi walichaguliwa kuendelea. Mwombe afisa biashara orodha ya leseni. Kisha achana na ofisi, ufuate barabara.

Barabarani ndiko kwenye majibu ambayo dodoso halitakupa. Hesabu karakana za uchomeleaji, mafundi pikipiki, mafundi simu, saluni, mashine za kusaga, mafundi seremala. Kaa na fundi mmoja mmoja chini ya kibanda chake, umsalimu, umwache amalize kazi iliyo mkononi, halafu umuulize: vijana wangapi wanajifunza kwako sasa hivi? Wanakulipa au wanakufanyia kazi bure? Mmoja akae kwako muda gani ndipo umwachie kazi ya mteja? Wangapi waliacha njiani, na kwa nini? Kijana ambaye mama yake ameuza mbuzi ili akafundishwe kuchomelea geti ameshapiga kura yake, tena kwa fedha. Kura hiyo ina uzito kuliko mikono mia iliyonyooshwa mkutanini. Siku ya gulio, au mnada kama mnavyosema mikoa ya kati, simama kwenye lango utazame watu wananunua nini kilichotengenezwa mbali ambacho kingeweza kutengenezwa hapo. Milango inayokuja na fuso kutoka mjini ni taarifa. Vifaranga vinavyoletwa kwa maboksi kutoka mkoa mwingine ni taarifa.

Huenda pia ukagundua kuwa hitaji la hapo si kozi mpya kabisa. Kuna mafundi wengi waliojifunzia kazini, wanajua kazi yao vizuri, ila hawana karatasi ya kuonyesha, na tenda za halmashauri zinawapita. Kwa hao upo utaratibu wa VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi: fundi anapimwa, anajazwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Tawi lako likiweza kuwa kituo cha upimaji huo kwa wiki chache kila mwaka, umewahudumia watu ambao kozi ya miaka miwili isingewahudumia kamwe.

Sasa vibali. Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Katibu Tawala wa Wilaya apate nakala, kisha ushuke kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, na kila mmoja umfikie mwenyewe kwa miguu yako. Usimruke mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu hana ofisi. Ndiye anayejua nyumba ipi ina msiba wiki hii. Jua pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu. Kama huhitaji jina na namba ya simu ya mtu, usivichukue. Kama unavihitaji ili umrudie baadaye, viandike kwenye karatasi ya peke yake, mbali na majibu yake, na umwambie vitatumika kwa kazi gani. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na ridhaa yake mwenyewe pia.

Chagua msimu kwa akili. Ukienda Mtwara au Lindi Oktoba na Novemba watu wako kwenye korosho, na utakaowakuta nyumbani ni wagonjwa, wazee na watoto. Dodoma na Singida mvua zikianza Desemba, kila mwenye jembe yuko shambani tangu alfajiri. Novemba kidato cha nne wako kwenye mitihani. Mwezi wa Ramadhani, sehemu zenye Waislamu wengi, mahojiano ya saa kumi jioni ni kumtesa mtu aliyefunga na anayepika futari. Hata saa za siku zina maana: ukibisha hodi saa nne asubuhi tu, utafanya dodoso la watu wasio na kazi na wasio na shamba, halafu utaliita sauti ya kata.

Mkutano mkuu wa kijiji uutumie, lakini ujue unautumia kwa nini. Kisheria ni mkutano wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na ndipo mahali pa kujitambulisha, kueleza kazi uliyojia, na kuomba watu wawapokee wadodosaji wako. Si mahali pa kupima hitaji. Wanaozungumza ni walewale: mwenyekiti mstaafu, mwalimu mstaafu, mfanyabiashara mwenye kiwanja jirani na eneo la chuo. Wakinamama wamekaa kwenye mikeka upande mmoja, wananong'onezana mambo ambayo ungeyahitaji sana. Binti aliyeacha shule akiwa kidato cha pili kwa ujauzito hayupo kabisa. Hakuja, na asingekuja, kwa sababu palepale mkutanini amekaa mwalimu wake wa zamani. Kijana wa bodaboda yupo, lakini kasimama pembeni na pikipiki, na akipata abiria anaondoka.

Kwa hiyo uwafuate walipo. Mabinti uwakutanishe peke yao, sita hadi kumi, na mwanamke wa umri wa dada yao aongoze, mahali ambapo mtoto anaweza kulia bila mtu kukunja uso. Bodaboda uwakute kijiweni saa nane mchana, biashara ikiwa imepoa. Kikundi cha kuweka na kukopa kina siku yake ya kukutana. Omba nusu saa baada ya hesabu zao kufungwa, usiombe kabla. Watu wenye ulemavu usiwaulize kupitia ndugu zao tu. Kama kuna kiziwi kijijini, tafuta mkalimani wa lugha ya alama anayemwelewa kweli, hata kama italazimu kumtoa wilayani. Na watafute walioanza chuo wakaacha. Hawa ni dhahabu, na hakuna anayewatafuta, kwa sababu kuwatafuta ni kukiri kuwa walikimbia. Mmoja aliyeacha atakufundisha kuhusu ada, chakula, bweni na mwalimu mkali kuliko wahitimu kumi waliopigwa picha na joho.

Kuhusu mabinti hao niongeze jambo, kwa sababu hapo ndipo vyuo hivi vimeshaonyesha njia. Mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa katika vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa kushirikiana na shirika la Karibu Tanzania Organization, umewapa mabinti waliokatiza sekondari nafasi ya kumalizia masomo huku wakijifunza ufundi, na watoto wao wadogo wakilelewa palepale chuoni. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa waliokatishwa masomo, wakiwamo waliojifungua, wanaweza kurudi pia kwenye shule za kawaida. Binti wa namna hiyo sasa ana njia mbili mbele yake. Usimchagulie. Mwulize ni ipi anaiona inampita karibu, na nini kinamzuia kuishika.

Tuje kwenye sampuli, ambayo huwatisha watu bure. Huhitaji kuuliza kila mtu. Ukiwachagua watu 384 kwa kubahatisha kweli, asilimia utakayopata itakuwa na kosa la takriban pointi tano juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, uwe unapima kata yenye watu 15,000 au wilaya yenye watu 300,000. Watu 200 watakupa kosa la pointi saba hivi. Watu 100, pointi kumi. Kama unachotaka kujua ni kati ya kozi sita zipi mbili zipewe kipaumbele, 200 waliochaguliwa vizuri wanatosha, na fedha iliyobaki uwape wadodosaji nauli ya kurudi nyumba ambazo hawakumkuta mtu. Uhakika huo huvunjika ukichagua vibaya, si ukichagua wachache. Watu 2,000 waliojazishwa karatasi stendi hawawazidi 200 waliopatikana kwa bahati nasibu ya haki.

Namna ya kuwapata ni hii. Kijiji kina kaya 640 kwenye daftari na unataka 40. Gawanya: 640 kwa 40 ni 16. Andika namba 1 hadi 16 kwenye vikaratasi, uviweke kwenye kofia, mtoto achomoe kimoja. Ametoa 7. Basi unaanza na kaya ya 7, kisha ya 23, ya 39, ya 55, ukiongeza 16 kila mara mpaka mwisho. Daftari likiwa la zamani, na mara nyingi ni la zamani, mpe mwenyekiti wa kitongoji siku moja alirekebishe na umlipe posho yake. Usikubali kupelekwa "kwenye nyumba zinazoeleweka". Usirundike kaya zako zote kwenye vitongoji vitatu vilivyo karibu na barabara, zitawanye. Na ukifika kwenye kaya, usimhoji aliyefungua mlango kwa kuwa amefungua. Orodhesha waliomo wenye umri unaouhitaji, upige kura tena ndani ya nyumba. Ikimwangukia kijana aliyeko mgodini na anarudi Jumamosi, unarudi Jumamosi.

Maswali ndiyo sehemu ninayokuomba uipe muda mrefu kuliko zote. Swali la "Je, ungependa chuo kifundishe kompyuta?" litupe. Badala yake uliza yaliyokwisha kutokea. Mwaka uliopita, kuna mtu wa nyumba hii aliyelipa fedha kujifunza jambo lolote? Lipi, wapi, kiasi gani? Mara ya mwisho kitu kuharibika hapa nyumbani, mlimwita nani, alitoka wapi, mlimlipa ngapi? Kijana wa mwisho kuondoka nyumba hii kwenda mjini alikwenda kufanya kazi gani? Majibu ya maswali haya hayana adabu ndani yake. Mtu hawezi kukutajia kwa heshima fundi ambaye hakumwita.

Halafu, kwa yale usiyoweza kuyapata kwa yaliyopita, mfanye mtu achague kwa kupoteza. Mimi natumia maharage. Nilijifunza thamani yake katika kijiji kimoja cha kusini, kwa bibi aliyekuwa amekaa barazani anapepeta mchele, mjukuu wa kama mwaka mmoja amelala mkekani pembeni yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu mkeka."

Nilimtandikia kadi sita za picha: cherehani, kompyuta, nyaya na balbu, nyundo na randa, sufuria, kuku. Nikampa punje kumi za maharage nikamwambia, chuo hakiwezi kufundisha vyote. Gawa punje hizi, panapokufaa zaidi uweke nyingi. Dakika chache kabla alikuwa ameniambia ndiyo kwa kozi zote sita. Sasa akanyamaza. Akaweka sita kwenye cherehani, mbili kwenye nyaya. Akazitazama. Akarudisha nne mkononi kutoka kwenye cherehani. "Cherehani hapa ziko kila upande," akasema. "Nani atamshonea nani?" Akaweka tano kwenye kuku. Ikabaki punje moja, ameishika kwa vidole viwili, hajui aiweke wapi, nami nikamwambia aiweke popote. "Hii ni ya huyu," akasema, akamwonyesha mtoto kwa kidevu. "Mama yake akienda huko chuoni, huyu anakaa na nani? Mimi shamba nalima."

Hatukuwa na kadi ya mtoto. Dodoso lilikuwa limepitiwa na watu wenye shahada, limechapwa, limejaribiwa, na halikuwa na mahali pa kuandika jambo ambalo lingeamua kama binti wa nyumba ile ataingia darasani au hataingia. Usiku huo tulichora kadi ya mtoto, na tukaongeza kadi moja tupu isiyo na picha yoyote. Tangu hapo siendi bila kadi tupu. Kila mtu anaiuliza, "Hii ni ya nini?" na unamjibu, "Ya lile tulilolisahau."

Kadi ya mtoto inatuvusha kwenye nusu ya pili ya kazi, ambayo mara nyingi hubanwa kwenye ukurasa wa mwisho: yale anayoyataka mwanafunzi mwenyewe. Kozi inaweza kuwa sahihi kabisa na darasa likabaki tupu, kwa sababu linaanza saa mbili asubuhi na wenye kuihitaji wako shambani mpaka saa saba. Waulize wanafunzi watarajiwa na waliopo, mbali na wazazi, mambo yanayoamua siku yao. Masomo yawe asubuhi, jioni au Jumamosi na Jumapili? Wakae bweni au watoke nyumbani? Ada ilipwe mara moja au ifuate mavuno, yaani sehemu kubwa mwezi watu wakiwa wameuza? Kozi ya miezi mitatu yenye jambo moja linaloshikika, au ya miaka miwili yenye cheti? Yapange kwa jozi, moja dhidi ya jingine, kila moja likiwa na gharama yake imeandikwa waziwazi: bweni, lakini ada inaongezeka, kutwa, lakini nauli ya bodaboda kila siku ni juu yako. Ukimpa mtu kitu kizuri bila bei yake ataking'ang'ania, nawe hutajua chochote.

Kuhusu ada usimuulize mtu "ungeweza kulipa kiasi gani?" Anataja kidogo akidhani mnapatana bei, au anataja kikubwa asionekane maskini. Mwulize fedha hiyo ingetoka wapi. Nani angeitoa, baba, mama, mjomba aliye Dar? Kingeuzwa nini, na kinauzwa mwezi gani? Mwenye jibu la haraka ameshalifikiria. Anayetazama chini na kusema "Mungu atasaidia" amekujibu pia, na jibu hilo liandike kama lilivyo.

Kuna jambo la pekee ambalo halipatikani kwa kuuliza ukiwa umekaa. Mwombe mwanafunzi mmoja wa kike akupitishe njia yake, kutoka nyumbani kwao hadi eneo la chuo, saa ileile ambayo angekuwa anarudi. Tembea naye pamoja na mdodosaji wa kike. Utaona korongo ambalo masika halivukiki. Utaona kipande cha pori ambapo anaongeza mwendo na kuacha kuzungumza. Mkifika, mwambie akuonyeshe angeenda chooni wapi, maji yako wapi, angebadilishia wapi taulo yake, mlango unafungwa kwa ndani? Fanya safari hiyohiyo na anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu au magongo; ngazi tatu za mbele ya karakana, ambazo mchoraji aliziona urembo, kwake ni ukuta. Mambo haya ni rahisi kuyarekebisha msingi ukiwa bado ni kamba na vigingi. Baada ya hapo kila kimoja kina bajeti yake, na bajeti hiyo haiji.

Wadodosaji wapate mafunzo ya siku mbili angalau, na siku moja kati ya hizo iwe ya kuhojiana wao kwa wao mpaka wachoke. Wachukue vijana wa wilaya hiyohiyo lakini wasihoji vitongoji vyao, maana hakuna atakayemwambia mtoto wa jirani kuwa hana ada. Pale wazee wanapozungumza zaidi Kimakonde, Kigogo au Kisukuma, maswali yafasiriwe mapema na watu wawili tofauti, walinganishe. Usimwachie mdodosaji afasiri mlangoni, kila mmoja kwa namna yake. Simu janja ya kawaida yenye programu ya KoboToolbox au ODK inatosha kukusanyia majibu hata pasipo mtandao, yakatumwa jioni mkifika penye minara. Jaribu dodoso lote kwenye kaya kumi ambazo hazimo kwenye sampuli. Likizidi dakika arobaini, kata. Mwenye nyumba akianza kutazama jua, umeshampoteza, na majibu yanayofuata ni ya kukuaga.

Unapojumlisha, tenga alichosema mtu na alichofanya, safu mbili upande kwa upande. Vikipingana, iamini safu ya pili, kisha urudi ukaulize kwa nini vimepingana. Wasichana na wavulana wahesabu tofauti. Kila kata peke yake. Waliosoma na wasiosoma peke yao. Wastani wa jumla huwazika wachache wenye hitaji kubwa chini ya wengi wenye hitaji la kawaida. Kisha lipeleke kila pendekezo sokoni. Kama kata ina mafundi cherehani 40 na nusu yao wanakuambia wanashona siku za sikukuu tu, darasa la ushonaji la watu 30 kila mwaka litazalisha majirani wanaogombania kitambaa kimoja, hata kama limeongoza kwa maharage. Labda kinachohitajika ni sare za shule, au kukata suti, au ufundi wa kutengeneza hizo cherehani zinapoharibika. Uliza pia mtaji utatoka wapi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2; jua mapema kama wahitimu wako wataunda vikundi vya kuomba mkopo huo wakiwa bado chuoni, kabla hawajatawanyika.

Mwisho, rudi. Vijiji vyetu vimeulizwa sana. Watu wamehojiwa na miradi ya maji, ya vyandarua, ya mbegu, ya lishe, na wengi wa waliohoji hawakuonekana tena. Chukua karatasi kubwa, chora kadi zako zilezile, juu ya kila kadi chora punje kulingana na hesabu, uibandike ukutani kwenye ofisi ya kijiji, na usimame mbele ya mkutano mkuu kueleza: hiki ndicho mlichosema, hiki chuo kitaanza nacho, hiki hakitaweza, na sababu ni hizi. Waache wakukosoe. Watakuonyesha kosa ulilofanya, na mara nyingi watakuwa wamelipata. Hata tawi likijengwa kata nyingine, hao waliokupa mchana wao wana haki ya kulisikia hilo kutoka kinywani mwako.

Tarehe ya mkutano huo wa kurudisha majibu usiiache iamuliwe kazi ikiisha. Iandike kwenye daftari la mtendaji wa kijiji siku ileile unayopeleka barua ya kuomba kuanza, na umwombe mwenyekiti aitangaze wewe ukiwepo.